Kompyuta Isiyosumbua Ina Mtu Nyuma Yake

Katika maduka madogo ya Machakos mjini, kompyuta huwa moja na kazi huwa nyingi. Asubuhi inachapisha barua ya kuomba kazi, saa nne inamwombea kijana cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, mchana inatoa risiti, na jioni duka linafungwa hesabu yote ya siku ikiwa humo ndani. Nyingi ni zile tunazoziita ex-UK: zimetumika ofisini ng'ambo, zikauzwa Nairobi, kisha zikapakiwa kwenye matatu hadi huku. Nimeishi na mashine hizi miaka mingi, kwanza nikiendesha saiba, baadaye nikiwa fundi wa majirani. Ninaamini kwamba umri wa mashine si hoja. Hoja ni kama kuna mtu anayeiangalia siku ambayo haijaharibika.

Juni mwaka mmoja, jirani yangu mwenye agroveti aliniita mbio. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru za KRA, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Wateja walikuwa wamepanga foleni hadi nje, na tovuti zote zinakataa kufunguka. Kila anapobonyeza, anaambiwa mahali hapo si salama. Mmoja alikuwa ameshamshauri apige Windows upya. Mwingine alimwambia mashine imezeeka, anunue nyingine. Nilitazama pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia. Saa ilikuwa inasoma Januari 2010.

Ndani ya kompyuta kuna betri bapa ya volti 3, CR2032, inayolingana na kitufe cha koti. Kazi yake ni kuiwekea mashine saa wakati stima haipo. Ikifa, kompyuta ikikatiwa stima inasahau tarehe, na kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mashine inayodhani bado ni 2010 huona vyeti vyote havijaanza kazi, basi inafunga mlango. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Tulirekebisha tarehe kwa mkono, foleni ikasonga, na jioni tukafungua kasha tukatia betri mpya. Tangu siku ile, hata mtoto akinuna nyumbani, siulizi kwanza tabia yake imeharibikia wapi. Nauliza kama amekula.

Sisi wa Ukambani tulipaswa kulijua jambo hili la kutunza kitu kabla hakijaharibika, hata kabla ya kompyuta kufika. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kuhusu Machakos kama nchi inayokufa, udongo wake ukibebwa na maji. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu, More People, Less Erosion, wakaonyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku ardhi ikipata nafuu. Wageni huja kutazama mitaro yetu ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usibebwe, na kusifu waliochimba. Mimi huwawaza wanaoizibua. Mtaro ule hujaa udongo, na usipozolewa wakati wa kiangazi, mvua ya Novemba inaupita juu kana kwamba haukuwahi kuchimbwa. Ndiyo maana vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, vilitoka na majembe wakati mbingu ni kavu. Kompyuta ya dukani inataka moyo uleule.

Kazi yetu ya kiangazi, kwanza, ni vumbi. Linapanda kutoka barabarani, linaingia kwenye feni, linakaa juu ya kipoza joto mithili ya blanketi, kisha mashine inajizima katikati ya kazi kujiokoa na joto. Mara nyingi dawa ni kuchomoa waya, kufungua kasha na kulipuliza taratibu, huku feni imeshikwa isizunguke. Mashine ikikataa kuwaka, ikalia tii-tii, huenda ni kadi ya kumbukumbu, RAM, inayotaka kutolewa, kusuguliwa meno yake kwa ufutio wa penseli, na kurudishwa. Huhitaji kuwa mhandisi kwa hayo. Unahitaji kuwa na saa moja ambayo hujamwahidi mtu.

Kisha stima. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Watu wengi huogopa stima inapopotea. Mimi huogopa zaidi inaporudi, kwa sababu mara nyingine hurudi na kishindo. Giza likiingia, nachomoa mashine ukutani, nasubiri taa zitulie, ndipo narudisha. UPS, ile mashine ya stima ya akiba, ni ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Si ya kumalizia kuchapisha kurasa mia. Betri yake huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kwenye chumba chenye joto huchoka mapema.

Sasisho la programu nalo hudharauliwa kwa kuwa linakula bando. Lakini kirusi cha WannaCry kilipovuruga hospitali za Uingereza Mei 2017, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Na Windows 10, ambayo bado imejaa madukani, iliacha kupewa ulinzi wa kawaida bure tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo ni jambo la kupangiwa pesa.

Ila linalonigusa kuliko yote ni folda ya vilivyopakuliwa. Ifungue katika saiba yoyote uone: vitambulisho, PIN za KRA, barua za hospitali, matokeo ya watoto wa wenyewe. Wenye karatasi hizo walikuja wakatuamini, wakalipa, wakaenda zao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatudai tuzitunze, lakini hata bila sheria, mama aliyekupa nakala ya kitambulisho chake hakukupa ukae nayo. Futa kila jioni, na umwage pipa la taka pia.

Nawaomba wenye maduka wenzangu wa Machakos: kabla ya kufunga leo, nakilini daftari la madeni lililomo kwenye kompyuta, mlitie kwenye diski ya nje, ichomoeni, mwende nayo nyumbani. Kesho jaribuni kuifungua kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si nakala.