Kahawa ya St Giles



Mwaka 1995 tulipata khabari kuwa kijana wetu hushinda Jumamosi zake katika mkahawa wa First Out, St Giles High Street, London, uliofunguliwa mwaka 1986 kwa ajili ya wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake. Tukaenda, baba na mama, bila ya kumwarifu, maneno makali tumekwisha kuyapanga.

Tulitazamia zogo. Tulikuta watu wakisoma magazeti, na vyakula visivyo na nyama. Baa ilikuwa chini. Mhudumu akatuvutia viti kwa adabu. Mwanetu alipotuona alibadilika rangi, kisha akaja akatuamkia: "Shikamoo baba, shikamoo mama. Mmekuja kunichukua?"

Tuliyoyapanga yote yalitukauka kinywani. Tukamjibu, "Tumekuja kunywa kahawa." Akaketi nasi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akatueleza mambo yake, nasi tukamsikiliza.

Mafundisho ya dini yetu hatukuyaacha, wala mtoto hatukumwacha. Mkahawa ule ulifungwa mwaka 2011; yeye angali akija kula nasi kila Idi. Mzazi mwenzetu uliye katika mtihani kama huu, kabla ya kumfukuza mwanao, kwanza keti naye.