Mshindi wa Kwanza Alitoka Kwetu

Mwaka uliopita niliombwa kusema maneno machache mbele ya watoto, siku ya michezo katika shule moja ya huku Nyamira. Mimi ni karani tu wa serikali, wala si mkimbiaji, lakini nilijiona mjuzi. Nikawaambia kwamba Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ni Bwana Kipchoge Keino. Watoto wakapiga makofi, na walimu vilevile. Baadaye mzee mmoja mkulima akanishika mkono, akasema kwa upole, “Mwanangu, umemsahau Temu.”

Niliona haya sana, maana kosa hilo nililitenda nyumbani kwa huyo niliyemsahau.

Naftali Temu, askari wa jeshi letu, alishinda mbio za mita 10,000 mjini Mexico City tarehe 13 Oktoba 1968. Kabla ya michezo ile, nishani pekee ya Kenya katika Olimpiki ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut ya mwaka 1964. Dhahabu ya Keino ilikuja siku saba baada ya ile ya Temu.

Tangu hapo nimeitazama sinema ya mbio zile mara nyingi, wala sijaichoka. Keino mwenyewe alikuwamo, akashikwa na maumivu ya tumbo, asiweze kumaliza. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa mbele, akikimbia kama mtu aliyekwisha kuvikwa nishani. Temu hakubabaika. Alimfuata, akamkaribia kidogo kidogo, na zilipobaki hatua chache akampita. Walipishana kwa sehemu sita za kumi za sekunde, baada ya mizunguko 25! Siku nne baadaye akapata shaba katika mita 5,000.

Wako wasemao kwamba hewa nyepesi ndiyo iliyomshindia, kwa kuwa Mexico City uko mita 2,240 juu ya bahari, nasi tumezoea milima. Kwangu neno hilo halina uzito. Mwaka 1966 huko Kingston, Jamaica, mji wa pwani kabisa, Temu alishinda mbio za maili sita akamwacha Ron Clarke wa Australia kwa zaidi ya sekunde 20. Na Clarke ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mbio hizo hizo!

Keino alishinda tena mwaka 1972, jina lake likazidi kuvuma, na ni haki yake. Nyota ya Temu ilishuka mapema. Alifariki Machi 2003.

Juma lililofuata nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kurudi shuleni. Nikasimama mbele ya watoto wale wale, nikakiri kosa langu, nikaliandika jina la Temu ubaoni kwa herufi kubwa. Yule mzee alikuwapo, amesimama mlangoni na jembe lake begani.