MAMA, MAWAZO YAKO HAYAKUMLETEA MTOTO HOMA (Sehemu ya 9)

Leo nilipanga kuongelea chanjo ya surua ya miezi tisa, ila naomba isubiri. Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu, na mama wawili, mmoja wa Mkata na mwingine wa Korogwe mjini, wameniuliza swali lile lile: "Sista, ni kweli mtoto anaumwa kwa sababu mimi nilikuwa na hofu?"

Sauti inadai wanasayansi wa fizikia ya kwanta wamethibitisha kwamba kitu hakiwi kitu mpaka mtu akitazame, kwa hiyo akili ya mama ndo inaumba afya ya mtoto. Ukiwaza homa, homa inakuja. Mwishoni, si unajua tena, kuna namba ya kuagiza vidonge.

Fizikia ya kwanta ipo, hiyo si uongo. Inahusu vitu vidogo mno kama elektroni. Ukizirusha elektroni kwenye matundu mawili membamba zinachora mistari kama mawimbi. Ukiweka kifaa cha kujua kila moja imepita tundu lipi, mistari inapotea. Hapo ndipo watu wanaposema "mtazamaji amebadilisha." Lakini mtazamaji huyo ni kifaa, mama. Chumba kinaweza kuwa kitupu, wote wameenda kula, na mistari itapotea vile vile. Ni kama kutafuta kifaranga bandani gizani kwa kupapasa: huwezi kujua alipo bila kumgusa, na ukimgusa anasogea. Anasogezwa na mkono, hata ungekuwa unawaza mambo mengine kabisa. (Mfano wangu haufanani kila kitu, walimu wa fizikia mnisamehe.)

Wazo la akili nalo halikutoka hewani. Mwaka 1961 Eugene Wigner, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 1963, aliandika kwamba huenda ufahamu wa binadamu ndio unaokamilisha kipimo. Baadaye mwenyewe aliachana nalo. Wenye kuuza vidonge hawafiki kwenye sehemu hiyo.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka 2009 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoanza majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto walikuwa 15,459. Wengine walipata chanjo hiyo, wengine walipata chanjo ya ugonjwa mwingine. Wale wa miezi 5 hadi 17, kwa mfano, walipewa ya kichaa cha mbwa. Mzazi hakuambiwa mwanawe yuko kundi gani, wala wanaofuatilia homa hawakuambiwa. Kwa nini? Kwa sababu matumaini yanaweza kupotosha macho ya mtu, na hilo sayansi inalikubali wazi.

Tazama basi. Kina mama wa makundi yote mawili walitumaini, waliomba, waliogopa. Kama mawazo ya mama ndiyo yangeamua, makundi yangelingana. Hayakulingana: kwa watoto wakubwa waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa kama asilimia 36. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo.

Sisemi hofu haina kazi mwilini. Mama mwenye hofu kali maziwa yanachelewa kushuka, nayaona wodini kila wiki. Lakini hiyo inapita kwenye homoni za mwili wako wewe. Haivuki hewani ikamuingizie mtoto vimelea. Vimelea vinaletwa na mbu.

Kinachoniuma ni huyu mama anayeficha homa ya mtoto siku tatu kwa kuogopa kuonekana "anawaza vibaya." Na wale wa kushikisha watu kijiti cha chuma kisha kompyuta inatema kurasa za ini, figo na kizazi, wakiita kipimo cha kwanta? Kijiti hicho hakioni malaria. Usimpeleke mtoto huko.

Homa ikianza, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Tone la damu kidoleni, kama robo saa, mstari unatokea au hautokei, hata nesi akiwa ameenda kunawa mikono. Akipata degedege, anatapika kila kitu, hanyonyi au amelegea sana, usisubiri kuche.

Surua tutaiongea Jumapili. Leteni kadi za kliniki karibu.