Saa Haijipimi

Katika nyumba nyingi za mwambao, wazee wetu waliweka saa zao kwa kusikiliza redio. Kabla ya taarifa ya habari ya BBC ilisikika milio sita, mitano mifupi na wa sita mrefu, na wa sita ulipoanza tu, vidole vya mzee vilikuwa tayari vimeshika saa. Milio hiyo ilianza kurushwa mwaka 1924. Hakuna aliyeona aibu kurekebisha saa yake mbele ya watu. Ilieleweka kwamba saa, hata iwe ya thamani gani, haiwezi kujua yenyewe kwamba imepotea. Hilo huambiwa na saa nyingine.

Jambo hili nimelifikiri sana tangu nilipoanza kuchezea redio hizi mpya, ambazo sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na programu ya kompyuta. Redio ya namna hii hupima mawimbi yanayoingia kwenye antena mara mamilioni kwa sekunde, ikayageuza kuwa tarakimu, na kompyuta ikamalizia yaliyobaki. Lakini ni nani anayeiambia redio kwamba sekunde ina urefu gani? Ni kipande kidogo cha kristali ya kwatzi kinachotetema ndani yake. Katika vile vijiti vya bei nafuu viitwavyo RTL-SDR, kristali hiyo hutetema mara milioni 28.8 kwa sekunde. Ikiharakisha kidogo, redio huona dunia nzima imesogea, wala haina habari kwamba iliyosogea ni yenyewe.

Mimi naishi Tanga, na kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Yeye ni mpenzi wa redio wa miaka mingi, mwenye leseni yake. Setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2 iliporushwa tarehe 15 Novemba 2018, ilibeba, pamoja na mitambo ya televisheni, mtambo wa wapenzi wa redio wanaouita QO-100. Imesimama juu ya Ikweta, nyuzi 25.9 mashariki, yaani juu ya misitu ya Kongo. Hapa kwangu dishi hutazama karibu na utosi, likiinama kidogo upande wa magharibi. Kaka huzungumza hapo na wenzake wa Doha na wa Ulaya, nami husikiliza tu, naye anajua kwamba nasikiliza.

Pengine utauliza, simu ina kazi gani? Ndugu msomaji, kwenye simu kila mkubwa husema "sijambo". Hewani, akibishana na wenzake juu ya antena, husahau kujificha.

Taabu ilikuwa moja. Sauti ya mtu kwenye mtambo ule huchukua nafasi isiyozidi kilohezi 3, nayo hushuka kwenye megahezi 10,489 na ushei. Kichwa cha dishi, yaani LNB, kina kristali yake ya megahezi 25, na mtetemo wake huzidishwa mara 390 kufikia megahezi 9,750. Kosa nalo huzidishwa vivyo hivyo. Kristali ikikosea sehemu moja tu katika milioni, ambayo kwa saa ya mkononi ni kupotea sekunde 1 katika siku 11 na nusu, kituo huhama karibu kilohezi 10, yaani nafasi ya kuwatosha watu watatu kuzungumza. Na kichwa cha dishi kinakaa juani! Jua lilipopanda, kaka alikuwa na sauti nyembamba kama ya mtoto. Lilipopita wingu, aliunguruma kama jitu.

Kijana mmoja fundi wa madishi aliniuliza, "Mzee, mbona televisheni inaonekana vizuri kwa LNB hiyohiyo?" Nilimjibu kwamba kituo cha televisheni ni kipana, tena kingamuzi hukifuata chenyewe kikisogea kidogo. Sauti ya mtu mmoja haina nafasi hiyo.

Kisha mwaka mmoja nikaanza kusikia ukwaruzo katika sauti ya kaka, na uzito usiokuwapo zamani. Je, ni yeye, au ni kristali yangu? Sikuwa na njia ya kujua.

Ndipo nikatafuta saa ya nje. Ni kisanduku kinachopokea setilaiti za GPS, ambazo kila moja hubeba saa za atomiki. Kutoka kwenye ishara zake hupatikana pigo moja kila sekunde. Ndani ya kisanduku mna kristali nzuri ya megahezi 10, na kati ya pigo na pigo mitetemo yake huhesabiwa. Ikizidi, hupunguzwa, ikipungua, huongezwa. Lakini haifanywi kwa papara, maana pigo lenyewe huyumba kidogo sana njiani. Kristali ni tulivu kwa muda mfupi, nayo GPS ni ya kweli kwa muda mrefu. Kila moja humkopesha mwenzake alichokosa. Mtetemo huo niliupeleka kwenye redio, na mwingine uliotokana nao, wa megahezi 25, nikaupandisha hadi kwenye LNB. Kaka alikwisha kufanya hivyo upande wake zamani.

Sauti ikatulia. Adhuhuri, mawingu, usiku, ni ileile. Na ukwaruzo ukabaki palepale.

Nilimpigia simu. "Kaka, shikamoo. Safari hii usiniambie hujambo." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Marahaba, mdogo wangu. Koo hili lina miezi minne." Wiki ile alikwenda hospitali. Alitibiwa, akarudi hewani, ingawa sauti yake ya zamani haikurudi yote.

Watu wengine huona kupimwa na mwingine kuwa ni unyonge. Basi na watazame saa ya dunia yenyewe. Saa za GPS husahihishwa kutoka vituo vya ardhini. Na wakati rasmi wa ulimwengu hautoki kwenye saa moja iliyo mfalme. Ofisi ya kimataifa ya vipimo, iliyoko Sèvres karibu na Paris, hukusanya hesabu za saa za atomiki zaidi ya 400 kutoka nchi nyingi, ikazilinganisha na kutafuta wastani wake. Kila saa huambiwa baadaye imepotoka kiasi gani, na hakuna inayosamehewa. Ikiwa saa za atomiki nazo hukaa barazani zikaulizana, sisi tunaojiona tuko sawasawa tumempa nani ruhusa ya kutuambia kwamba tumesogea?