Bunduki ya Vita na Nyama ya Kulungu

Nabii Isaya, katika sura ya 2, aliitazamia siku ambayo watu watazichukua silaha zao za vita na kuzifua upya ziwe vyombo vya shamba. Andiko hilo tumelihubiri mara nyingi. Hatukutazamia kwamba baraza la wazee wa usharika wetu lingeketi jioni nzima kulitafakari kwa sababu ya bunduki moja kuukuu iliyotengenezwa Sweden.

Sisi ni usharika wa wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Minnesota, Marekani: Watanzania, Wakenya, na ndugu wengi waliotoka Kongo kwa kupitia kambi za wakimbizi. Tunaabudu katika jengo la usharika wa wenyeji, ambao wengi wao ni uzao wa wahamiaji kutoka Sweden. Kila Novemba wenyeji wetu huvaa nguo za rangi kali ya chungwa, wakaingia msituni kuwinda kulungu mwenye mkia mweupe. Nyama huwagawia majirani, nasi tumeila kwa shukrani.

Mzee mmoja wa usharika huo, rafiki wa vijana wetu, huwinda kwa bunduki ya jeshi la Sweden, Mauser ya mfano wa 1896. Jeshi lilipoziacha, nyingi ziliuzwa kwa raia, na shehena nzima zikavuka bahari. Wawindaji huzipenda kwa sababu chuma chake ni kizuri, hulenga sawasawa, na risasi yake ya milimita 6.5 haimpigi mwindaji teke kubwa begani. Ya mzee ina alama ya taji na jina la kiwanda cha Carl Gustaf cha mjini Eskilstuna. Kwenye kitako kuna kisahani cha shaba chenye alama za mkaguzi, zinazoonyesha hali ya mtutu kwa ndani.

Mzee huyo alimwalika kijana wetu wa miaka 17 waende pamoja msituni. Mama wa kijana, aliyekimbia Kivu akiwa mjane, alikuja mbele ya baraza. Hakupaza sauti. Alisema, "Pasta, ile ni bunduki ya jeshi. Ilifanywa kwa kuua watu. Mtaniambia kwamba leo imekuwa kitu kingine?"

Mmoja wetu alijibu kwamba Sweden haijapigana vita tangu 1814, kwa hiyo yaelekea bunduki ile haijamwaga damu ya mtu. Mama akasema, "Hata ile iliyomuua baba yao ilitoka kiwandani ikiwa safi." Tukanyamaza. Tulikuwa tumemjibu habari za bunduki, naye alikuwa akituuliza habari za mwanawe.

Tulimwita mzee tumsikilize, naye alitueleza jambo tusilolijua. Bunduki ile haikufaa kuwinda kama ilivyotoka jeshini. Chuma chake cha kulengea kilianzia mita 300, umbali wa askari na adui yake. Kulungu msituni hupigwa kwa umbali usiofika mita 100, na hapo risasi hupita juu ya shabaha. Ilimbidi aweke chuma kirefu zaidi mbele ya mtutu. Tena risasi ya jeshi, iliyofunikwa chuma mpaka nchani, yaweza kupenya mwili na kutoka, mnyama akakimbia na kufia mbali kwa maumivu. Sheria ya Minnesota inadai risasi inayopanuka mwilini, ili mnyama afe upesi.

Katika maelezo hayo tuliona mfano mdogo wa nyundo ya Isaya. Silaha haikugeuka kwa kubadili mwenyewe tu, bali kwa kufanyiwa kazi. Lakini ilitupasa kukiri pia kwamba Isaya anaendelea kusema watu hawatajifunza vita tena, na kazi hiyo haifanywi na fundi wa bunduki. Bunduki ya kulungu bado ni bunduki.

Tulimkumbuka na Martin Luther. Mwaka 1521, alipofichwa katika ngome ya Wartburg, alipelekwa kuwinda. Alimwonea huruma sungura mmoja, akamficha katika mkono wa joho lake, lakini mbwa walimgundua na kumuua. Luther hakuwaita wawindaji wenye dhambi, ila aliona uchungu katika burudani ile. Na katika Katekisimu Ndogo, akifafanua amri ya tano, alitufundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Mzee anayewagawia jirani nyama wakati wa baridi anaitii amri hiyo kwa namna yake. Lakini mwili wa jirani hauna tumbo tu. Una masikio yanayokumbuka milio, na usingizi unaokatika usiku.

Ndipo tukafungua 1 Wakorintho 8. Paulo alijua kwamba nyama ya sanamu haikuwa na neno, lakini alikuwa tayari kuiacha kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Kujua kwamba jambo ni halali hakumpi mtu ruhusa ya kumburuta mwenzake.

Tulimwambia mama kwamba kuwinda si dhambi, na kwamba hakuna atakayemlazimisha. Akafikiri, akasema, "Nyama nitapika. Mtoto aende, asaidie kubeba. Bunduki asiishike, wala isipite mlango wangu."

Mzee alikubali bila kinyongo. Anapomfuata kijana, bunduki huiacha nyumbani, kisha huipitia wakielekea msituni. Ni safari ya ziada asubuhi ya baridi kali, naye huifanya.

Wapendwa, wengi wetu tunao urithi ambao kwetu ni wa heshima na kwa jirani ni jeraha. Si lazima tuuonee haya, wala si lazima jirani aupende. Tuanze kwa kumsikiliza kabla hatujamweleza, kisha tukubali gharama ndogo ya kumlinda, hata kama ni mwendo wa ziada alfajiri. Mungu aliyeahidi siku ile ya Isaya atusaidie kuishi hivyo tunapoingoja.