Mzigo wa Shingoni

Msomaji, mwaka 1961 Kurt Vonnegut wa Marekani alitoa hadithi fupi iitwayo "Harrison Bergeron". Katika nchi aliyoibuni, watu wote hulazimishwa kuwa sawa: mwenye nguvu hutundikwa mzigo, mwenye sura nzuri hufunikwa uso. Kijana mmoja anavunja vyuma alivyofungwa, anacheza dansi kitambo kidogo, kisha anauawa.

Nilipoisoma hapa Kalimoni, kati ya mashamba ya kahawa, sikuiona ngeni. Katika miaka ya 1920 wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuvaa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha bati: karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri. Hodari na mvivu, wote walivishwa. Harry Thuku alikipinga. Machi 1922 alikamatwa, na watu waliomtetea mjini Nairobi wakapigwa risasi.

Walakini, kipande hakikuwa usawa, kwa maana mabwana hawakukivaa. Basi ukisikia amri ya kuwalinganisha watu, uliza kwanza: aliyeitoa, naye hubeba mzigo? Vidole vya mkono havilingani, wala mwenye busara havikati ili vilingane.