Modemu Iliyokataa Kupiga

Nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imelemea nyumbani. Nilirudi na laptopu kuukuu yenye Linux, na modemu ya USB niliyouziwa bei ya kutupa. Mamangu hakusema kitu, lakini kila asubuhi aliniangalia tu.

Nikaichomeka. Kompyuta ikaiona kama sidii! Wasee, kumbe modemu nyingi za aina hiyo hujifanya sidii kwanza, ili Windows isome programu zake. Kwa Linux, kinachoigeuza ni usb_modeswitch. Sasa kuipakua ilitaka intaneti, na intaneti ndiyo nilikuwa naitafuta. Nilienda saiba mara tatu na flashi, kila pakiti ikidai nyingine.

Mwishowe /dev/ttyUSB0 ikatokea. Nikaweka nambari ya kupiga, *99#, nikaandika wvdial. Ikakataa: huna ruhusa. Kumbe jina langu halikuwa kwenye kikundi cha dialout. Nikajiongeza, nikatoka, nikaingia tena. Ikapiga! Saa nane usiku, nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Video yangu ya kwanza ilipanda kwa hiyo modemu, hadi kukapambazuka. Nilimwonyesha mamangu akiweka chai.

Mkiniuliza kama najuta kuacha chuo, najuta, siwadanganyi. Nikipata karo kesho narudi. Lakini usiniambie eti siku hizi sisomi. Hiyo wiki nilisoma kila mstari wa makosa, na hakukuwa na mtu wa kunipa maksi.